Nilitema Mara Tatu

Ilianza Ijumaa, tarehe 14 Machi 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Naijua saa kwa sababu niliangalia simu. Ilikuwa inaita, na jina lililojitokeza lilikuwa Baba.

Niliiacha iite mpaka ikanyamaza.

Nilikuwa nyuma ya pikipiki, tukipanda kutoka Wundanyi kuelekea Mbale, mkoba umekaa mapajani. Ndani yake mlikuwa na glasi mbili zilizofungwa kwa kitambaa cheupe, kipimajoto, kifungulio cha vizibo, daftari na kalamu. Sylus, mwendeshaji, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya chama cha ushirika, aliuliza naenda kwa nani. Nikamwambia naenda kwa marehemu mzee Obadiah, kuonja divai aliyoiacha nione kama bado ni nzuri.

"Unaonja, halafu?"

"Natema."

Alilifikiria jambo hilo hadi kona ikaisha. "Yaani dada, umesoma hadi chuo kikuu ukafundishwa kutema?"

Nilicheka, kwa maana ndivyo watu hufanya. Ndani sikusikia kitu.

Mimi ndiye msimamizi wa divai katika loji moja nje ya Voi. Mkuu wangu, Ronald, alikuwa na wageni Wafaransa wanaokuja kesho yake, na alikuwa amesikia kwamba mhudumu mmoja mstaafu, ndiye Obadiah huyo, aliacha chupa za divai nyekundu ya kwao, mchanganyiko wa zabibu za aina tatu, wa mwaka 1989. Divai hiyo ilinizidi umri kwa miaka kumi. Ronald alitaka neno moja tu kutoka kwangu. Hai, au imekufa.

Kuhusu Baba, nitaeleza mara moja.

Jumapili ya tarehe 9 Juni mwaka uliotangulia, kanisa letu la Voi liliwaita mbele waliohitimu ili waombewe. Baba, fundi mstaafu wa reli na mzee wa kanisa, ndiye aliyeshika maikrofoni akisoma majina. Tulikuwa saba. Alisoma sita. Nilibaki nimesimama mbele ya watu wote, na yeye akakunja karatasi, akasema kuna mwingine ambaye kazi yake ni kumwagia Wazungu pombe, na huyo hatutamwombea leo.

Tangu siku hiyo sikuongea naye. Miezi tisa. Wiki ile alikuwa amenipigia mara nne.

Sikuwa na hasira. Nilijikagua mara nyingi, kama mtu anavyobonyeza fizi iliyotiwa ganzi kwa daktari wa meno, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Hakuna kitu pale.

Nyanya Mkawasi, mjane wa Obadiah, alinipokea mlangoni saa kumi na mbili na dakika kumi. Sylus alibaki barabarani kunisubiri. Chupa ilikuwa tayari mezani, imesimama wima tangu Jumatano kama nilivyomwomba kwa simu, ili mashapo yatulie chini. Lebo ilikuwa imeliwa na unyevu, mwaka pekee ukabaki. Niliishika. Ilikuwa baridi. Nikatia kipimajoto kwenye kitambaa kilichoizunguka shingo. Digrii kumi na nne.

Nilishangaa, kwa maana divai iliyokaa kule tambarare za Voi, miaka thelathini katika joto lile, ingekuwa siki. Nikamuuliza ilihifadhiwa wapi.

Alinyoosha kidevu kuelekea dirishani. Juu ya migomba kulikuwa na mwamba, na chini ya mwamba, kivuli.

"Mzungu aliyempa alimwambia inataka baridi, giza, na mahali isipoguswa," alisema. "Mzee wangu akasema, mahali hapo napajua."

Sikuuliza pango lile ni la nini. Mtu wa kwetu haulizi. Kabla ya kanisa kuja, wazee wetu walifukuliwa baada ya mwaka mmoja kaburini, na vichwa vyao vikapelekwa kukaa pamoja chini ya mwamba, kwa safu, wakitazama mashariki. Vipo hadi leo. Nilijua. Nikaandika kwenye daftari: *Hifadhi: nzuri sana.*

Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesahau chombo cha kutemea. Mimi, ambaye huhesabu vitu mara mbili kabla ya kutoka. Nyanya akaniletea kata ya kibuyu, kavu, nyeusi kwa umri, akaiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Huku kwetu," alisema polepole, "anayetema kinywaji hutoa neno kwanza. Una neno na mtu?"

Nilielewa alichokuwa anasema. Babu yangu alikuwa akifanya hivyo nilipokuwa mdogo. Kutasa. Mzee hujaza mdomo mbangara, pombe yetu ya miwa, akasema kilicho moyoni, kisha akainyunyiza chini ili kinyongo kitoke pamoja nayo. Lakini mimi nilikuwa nimekuja kazini.

"Sina neno, Nyanya."

Ndani ya mkoba simu ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka muda mrefu.

"Si hiyo inalia?"

"Si ya muhimu."

Alinitazama. Kisha akasema kuku wake bado wako nje na giza linaingia, akatoka.

Nilikizungusha kizibo taratibu. Kilikuwa kirefu, cheusi chini, kizima. Nikawasha tochi ya simu chini ya shingo ya chupa ili nione mashapo yasije yakatoka, nikamimina kiasi cha vidole viwili. Rangi: nyekundu ya matofali, pembeni inaelekea kahawia. Nikanusa. Mwerezi. Tumbaku. Plamu zilizokaushwa. Nyuma yake ngozi ya zamani, na majani yaliyonyeshewa.

Nilionja. Ukakasi ulikuwa umelainika, uchachu bado umesimama. Nilijua papo hapo kwamba sijawahi kuonja divai nzuri kama ile. Nililijua hilo kama mtu anavyojua bei ya kitu dukani.

Nikatema.

Sikusikia tone likigusa kibuyu.

Niliandika. Kisha nikaonja mara ya pili, kwa maana mchanganyiko wa zabibu tatu hauhukumiwi kwa mara moja. Mara hii mwerezi haukuwepo. Palikuwa na grisi ya reli. Khaki iliyolowa jasho. Na kitu kitamu, chenye menthol... peremende za kikohozi, zile za karatasi ya kijani, ambazo Baba huziweka mfuko wa kushoto.

Nikatema.

Nje, kuku walikuwa wamenyamaza. Ndani ya chumba palikuwa na pumzi. Si yangu. Niliishika yangu nikahesabu hadi kumi, na ile nyingine ikaendelea.

Nikaangalia kata.

Ilikuwa kavu.

Nikaiinua, nikaipindua. Hakuna ufa. Nikapitisha kidole ndani, kikatoka na vumbi. Ninapaswa kusema niliogopa. Ukweli ni kwamba nilitazama daftari, nikaona mstari mmoja haujajazwa. *Mwisho.* Yaani ladha hukaa muda gani mdomoni baada ya kinywaji kuondoka. Divai haijahukumiwa mpaka mstari huo ujazwe.

Nikajaza mdomo mara ya tatu.

Vumbi la kanisa. Waya wa maikrofoni uliopata moto. Karatasi inayokunjwa. Nilikuwa na ladha ya karatasi ile mdomoni, na mikunjo yake. Kisha chuma, kama damu.

Nikatema kwa nguvu.

Saa moja kasoro dakika nane. Kutoka ndani ya kata, chini kabisa, sauti ya mtu ambaye mdomo wake umejaa:

"Loi..."

Jina langu ni Loise. Mtu mmoja tu duniani huniita Loi.

Nilinusa glasi. Hakuna. Nikanusa kiganja changu, moshi wa jikoni, kitambaa. Hakuna. Harufu zote zilikuwa zimezimwa kama taa.

Nyanya alirudi na koroboi mkononi. Aliangalia kata kabla hajaniangalia mimi. Hakupiga kelele. Aliketi, akaongea kwa kunong'ona, kama watu wanavyoongea penye mgonjwa.

"Umetema mara ngapi?"

"Tatu."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

Alifunika kata kwa kanga. Alinieleza kwamba mumewe, kila alipochukua chupa pangoni, aliwamwagia wale wa mwambani kwanza, akatoa neno, ndipo akanywa. Yeye hakutema kamwe. Alimeza. Wazee wakazoea kupewa. Tangu afe, mwaka mmoja sasa, hakuna aliyewapa.

"Anayetema kimya hutema alicho nacho," alisema. "Nao wale wa mwambani hukipeleka kwa yule ambaye kinamhusu. Nilidhani unajua. Si wewe ni mtoto wa hapa?"

Simu ikatetemeka. Alikuwa kaka yangu, Danson. Alisema Baba alikuwa amekaa sebuleni akirekodi ujumbe, simu ikamwanguka. Mdomo umekwenda upande. Anaona, anasikia, hasemi. Wako njiani kumpeleka hospitali.

"Saa ngapi?" niliuliza.

"Loise, nakwambia Baba haongei, unaniuliza saa?"

"Saa ngapi, Danson?"

Kama dakika kumi zilizopita, alisema.

Nyanya alikuwa ameanza kuimimina divai iliyobaki kwenye chupa ndogo ya plastiki, bila kuniuliza. Alisema nimfikie Baba kabla mchana wa kesho haujakomaa. Nijaze mdomo mbele yake, nitoe neno, niteme. Ikibaki chomboni, imepokelewa. Ikikauka... Akakaza kifuniko cha chupa.

"Neno gani, Nyanya?"

"La kweli. Wale hawanywi uongo."

"Sina hasira naye."

"Basi wamekunywa nini?"

Nilipokuwa nyuma ya pikipiki tukiteremka ndipo nilipoona ujumbe. Baba alikuwa akirekodi, na kidole kilipoachia, ukajituma wenyewe. Sekunde tisa. Saa moja kasoro dakika nane. Niliuweka sikioni. Pumzi. Halafu "Loi..." Halafu hakuna maneno tena, ila sauti ya mtu anayemeza kitu kingi kuliko mdomo wake.

Sylus aliuliza, bila kugeuka, kama ile divai ilikuwa nzuri. Nikasema ilikuwa nzuri.

Daktari alisema ni shinikizo la damu. Inawezekana. Baba ana shinikizo la damu tangu mwaka 2016, na dawa zake huzisahau. Nayaandika haya kwa sababu ni kweli pia.

Asubuhi ya Jumamosi niliruhusiwa kuingia wodini saa kumi na mbili kamili. Danson alikuwa ametoka kununua chai. Mlangoni alikuwa amelalamika kwamba muuguzi wa zamu alimuuliza swali la kijinga kuhusu Baba, lakini yeye mwenyewe akakataa kuniambia ni swali gani. Ronald alikuwa ametuma ujumbe: *Hai au imekufa?* Nilimjibu: *Bado hai.* Kisha nikaizima simu.

Baba alikuwa macho. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umeteremka. Jicho la kulia lilinifuata kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Nilichukua bakuli la chuma lililokuwa chini ya kitanda, nikalikausha kwa leso, nikaliweka mapajani. Nikafungua chupa. Sikunusa kitu.

Neno la kweli. Nilikaa nalitafuta. Nilibonyeza mahali pale, nikabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Uliniruka," nikasema. "Watu wakiangalia. Nilikuwa nimenunua gauni la siku hiyo, Baba, la buluu, na ukaniruka. Nimekuchukia miezi tisa. Kila ulipopiga, nilifurahi kuisikia simu ikikatika."

Jicho lake halikupepesa. Lilijaa maji.

"Sitaki tena."

Nikajaza mdomo, nikatema.

Safari hii nilisikia tone likigonga chuma. Nikaangalia. Divai ilikuwa pale, nyekundu, imetulia. Nilihesabu hadi sitini. Ilibaki pale. Mkono wa kulia wa Baba ulitambaa juu ya blanketi ukanishika kifundo cha mkono, nami nikaufunika kwa wangu.

Mdomo wake ulikuwa unajaribu. Midomo ilikutana, ikaachana. Niliinama, nikaweka sikio karibu ili nisikie neno, na pumzi yake ikanipiga usoni.

Nilinusa. Kilikuwa kitu cha kwanza kunusa tangu jana.

Mwerezi. Tumbaku. Plamu zilizokaushwa. Nyuma yake ngozi ya zamani, na majani yaliyonyeshewa.

Baba hajawahi kugusa pombe maishani mwake.

Nilichukua leso, nikampangusa pembe ya mdomo. Nikaitazama leso, nikaona doa jekundu, nikaikunja, nikaitia mfukoni kabla Danson hajarudi. Kisha nikafungua daftari kwenye ukurasa wa jana, nikatafuta mstari uliobaki wazi.

*Mwisho: imedumu kwa muda wa saa kumi na moja na nusu. Bado ipo.*