Kipozamaneno

Niwategee. Ananichapa kila siku na hajawahi kuninyanyulia mkono, na kila akimaliza kunichapa ananishukuru. Ni nani huyo?

Fikirini. Mkishindwa msinipe mji, miji nimepewa mingi na sina pa kuiweka. Nipeni masikio tu, maana kisa chenyewe kinanipandisha hasira hata kabla sijakianza.

Katika Dodoma ya wakati huo, garimoshi lilielea juu ya sumaku bila kugusa reli, na mvua iliitwa kwa vindege visivyo na rubani. Palikuwa na ukumbi mmoja mweupe wenye kiti kimoja tu. Hapo alikaa Injinia Tunsume Mwakajila. Mbele yake ilisimama mashine ndefu kama kabati la vyombo, ikinguruma polepole, na kuizunguka zilielea taswira za watu zilizotengenezwa kwa mwanga mtupu. Wenyewe walikuwa makwao, mbali.

Taswira ya mama mmoja, kilemba kimemlegea, ilikuwa ikipiga kelele.

"Kalembo, wewe ni mnyang'anyi! Mwaka mzima unanifuata kama nzi wa kidonda! Nikiandika unafuta, nikiandika unafuta! Nimekukosea nini?"

Mashine ikawasha taa ya buluu. Huko makwao, wajumbe wa baraza wakasikia sauti ileile ya yule mama, imetulia kama maji ya mtungini:

"Ndugu Kalembo, ninathamini juhudi zako za mwaka mzima. Ningefurahi tukiboresha ushirikiano wetu."

Na uso wake nao wakauona umekunjuka, unatabasamu. Wajumbe wakatikisa vichwa wakiridhika. Maneno yake ya kweli aliyasikia Tunsume peke yake, kwa sababu alikuwa amevaa sikio ghafi, kile kijichombo cha mafundi kinachopitisha sauti kabla haijapozwa.

Mashine hiyo iliitwa Kipozamaneno, na yeye Tunsume ndiye aliyeiunda. Ilikuwa inapokea neno, inalipima joto kama mama anavyopima paji la uso la mtoto, kisha inalisema upya likiwa baridi. Na joto la mwanzo inaliandika, haisahau.

Msiseme aliiunda kwa ubaya. Watu walikuwa na kamusi elezo yao ya mtandaoni, wakaiita Kisima, kila mtu akichota na kila mtu akitia. Wahariri wake walikuwa wa kujitolea, hawalipwi hata senti. Huyu anaandika habari za nyuki, yule za madaraja, mwingine anasahihisha. Lakini penye watu hapakosi ugomvi. Walitukanana mpaka wengine wakafunga mitambo yao wasirudi tena. Tunsume mwenyewe, alipokuwa mhariri mchanga, aliitwa mbuzi aliyejifunza kubonyeza vitufe, akalia siku nzima. Ndiyo maana akaunda Kipozamaneno, na watu wakampa nishani.

Sasa siku hiyo baraza la Kisima lilikaa kumhukumu Mama Nakijwa Mshana wa Upareni, yule mwenye kilemba. Mashine ilikuwa imemwandikia joto kali kuliko mhariri yeyote. Akipatikana na hatia angefungiwa maisha, na kanuni ilisema kazi zote za aliyefungiwa hufyekwa, hata zilizofutwa zamani ambazo nakala zake zimehifadhiwa. Kazi zake zilikuwa nini? Ndiva. Ndiva ni bwawa la kienyeji la milimani. Maji yanakusanywa humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Mama huyu alizunguka kwa shangazi zake, akaandika kila ndiva ilichimbwa na ukoo gani na zamu zake zilikwendaje. Shangazi wale walikuwa wamekwisha kufa wote. Kurasa zikifyekwa, hakuna wa kumwuliza tena.

Mwenyekiti wa baraza, mama mmoja mkavu wa sheria, akampa nafasi Bwana Faustin Kalembo, msimamizi wa Kisima.

"Asante sana, Mheshimiwa," alisema Kalembo, na mashine haikuwasha hata taa, maana hapakuwa na cha kupoza. "Ninamheshimu mno dada yangu Nakijwa. Kila nilipoondoa ukurasa wake nilimshukuru kwa mchango. Mwenyewe ndiye anayekasirika. Ninamwombea utulivu."

Joto: sifuri. Mmemwona? Huyo ndiye wa kitendawili changu.

Akaja shahidi wa Nakijwa, mzee wa Kichaga aitwaye Aikaeli Mlaki, mhariri wa habari za kahawa. Hata hakumsalimu mwenyekiti kwanza.

"Mtani! Bado uko hai? Nyinyi Wapare kwa kupenda kesi, hamfi, mnaahirisha tu!"

"Nife nikuachie nani, Mchaga wewe?" Nakijwa alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Utaliuza jeneza langu kabla sijapoa!"

Taa ikageuka nyekundu. Ukutani kukaandikwa: KUTAKIANA KIFO. TUSI LA KABILA. JOTO LA HATARI.

Tunsume aliangua kicheko. Halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Yeye Mnyakyusa, kwao wana watani pia. Anajua kuwa mtani asipokutania ndipo kuna jambo. Alipoifunza mashine matusi yote ya nchi, hakuifunza kitu hicho kimoja. Kilikuwa cha nyumbani mno, hakikumjia akilini kwamba kinafundishwa.

Aikaeli akamgeukia Kalembo. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni.

"Wewe bwana, nikuulize neno moja. Umewahi kusoma ukurasa wa huyu mama, hata mmoja, kabla hujaufuta?"

Taa ya buluu. Wajumbe wakasikia: "Ndugu msimamizi, tungependa kufahamu utaratibu wako wa kazi."

"Swali zuri, asante," alisema Kalembo. "Utaratibu wangu unafuata kanuni za Kisima."

"Sikukuuliza hilo! Umesoma, hujasoma?"

Wajumbe wakasikia: "Nashukuru kwa maelezo yako."

Mwenyekiti akaandika kwamba shahidi ameridhika. Swali likabaki hewani.

Tunsume akafungua kumbukumbu za mashine. Alitafuta joto la kwanza kabisa la Nakijwa, akalikuta siku ya msiba wa mumewe. Siku hiyo Aikaeli alimwandikia: "Mzee amekwenda kukata rufaa mbinguni. Mwambieni Mungu atafute wakili mapema." Nakijwa akajibu kwamba ni mara ya kwanza kucheka tangu maiti itoke nyumbani. Mashine ikamfungia Aikaeli nusu mwaka kwa kukejeli marehemu, na Nakijwa ikamwandikia joto kwa kucheka.

Chini yake palikuwa na maneno ya Kalembo, ya siku hiyohiyo:

"Pole sana kwa msiba, dada mpendwa. Asante kwa michango yako. Nimeondoa kurasa zote ulizoandika wiki hii. Pumzika kwa amani ya moyo."

Joto: sifuri.

Mjane yuko matangani, na huyu anamfyekea kazi yake kwa pole na asante! Mnisamehe wanangu, hapa mimi huwa naweka kikombe chini nisije nikakivunja.

Tunsume akasimama. "Mheshimiwa, mashine yangu imekosea! Inamlinda mnyanyasaji na kumziba mdomo anayenyanyaswa! Simamisheni kesi!"

Taa ya buluu ikawaka. Mwenyekiti akatabasamu. "Asante, Injinia. Tumefurahi kusikia kwamba mashine inaendelea vizuri."

Tunsume akarudia kwa sauti ya juu zaidi, na wajumbe wakampigia makofi. Akapunga mikono, nao wakampungia. Kumbe ndivyo alivyoishi yule mama mwaka mzima: unazama, na walio ukingoni wanaona unawasalimia.

"Basi kama hakuna lingine," mwenyekiti alisema, "tupige kura ya kumfungia."

Tunsume akaenda nyuma ya mashine, akaushika waya mnene wa umeme kwa mikono miwili, akaung'oa.

Mngurumo ukakatika, lakini taswira zikabaki, maana ziliwashwa na mtambo mwingine. Kwanza akasikika mbwa akibweka kwa mmoja, na sufuria ikigongwa kwa mwingine. Kisha kikasikika kilio. Nakijwa alikuwa akilia kwa kwikwi, kilemba mkononi.

"Injinia, umefanya nini?" mwenyekiti alifoka, sauti yake halisi ikiwa nene, imekwaruza. "Unajua kazi huna tena?"

"Najua, Mheshimiwa. Lakini angalau leo umenisikia."

Mwenyekiti akautazama uso wa Nakijwa, ule wa kweli.

"Huyu mama analia tangu saa ngapi?"

"Tangu mwaka jana, Mheshimiwa," alijibu Tunsume.

Hakuna aliyetikisa kichwa sasa. Aikaeli akakohoa, akasogea mbele.

"Nilimwuliza yule bwana swali, halikufika. Nalirudia. Umewahi kusoma ukurasa wake hata mmoja kabla hujaufuta?"

"Asante kwa swali lako, ndugu yangu mpendwa," Kalembo alianza. "Kama nilivyoeleza, kanuni..."

"Asante zako nimezichoka!" Mwenyekiti alipiga meza huko aliko. "Ndiva ni nini, Bwana Kalembo?"

"Ni... ni desturi. Ya kabila fulani."

"Desturi gani? Inaliwa? Inavaliwa? Inachezwa ngoma?" alidakia Aikaeli.

Kalembo akatazama kulia, akatazama kushoto. Alizoea pale ambapo sauti ya watu inapoa kabla haijamgusa. Sasa walikuwa wamemkodolea macho tu. Nakijwa akajifuta uso kwa kilemba.

"Mjibu mtani wangu," alisema polepole. "Nami nataka kusikia. Ulisoma?"

Kalembo akamgeukia Nakijwa.

"Hapana. Nilikuwa nikiliona jina lako, nafuta."