Ampule ya Papa Manzi

Kila Jumamosi, akirudi kutoka shamba la maharage, Umwali hufagia karakana ya marehemu baba yake. Wanaishi kilimani, si mbali na Kashuga, na umeme wao hutoka kwenye mashine ndogo inayozungushwa na maji ya kijito.

Baba huyo, Papa Manzi, alikuwa fundi wa redio. Kila Noeli, baada ya ibada, aliwaita watoto wa jirani waone cheche. Aliwasha transfo yake kubwa, ile inayopandisha nguvu ya umeme, na katikati ya nyaya mbili cheche ya buluu ilipanda polepole, ikakatika juu, ikaanza tena chini. Kabla ya kuwasha alivua kofia na kusali: "Bwana, linda mikono yetu." Umwali alikumbuka kila kitu: ile sala, mngurumo wa transfo, na ampule, balbu kuukuu iliyoning'inia kando ya meza ikimulika uso wa baba.

Noeli ilipokaribia, alimwomba Noël, aliyejifunza kazi kwa Papa Manzi na sasa anatunza mashine ya kijito, awaonyeshe watoto cheche tena. Noël alikubali, ila akamwambia asiguse kitu mpaka yeye mwenyewe afike. Umwali hakuweza kungoja. Alimwita rafiki yake Fifi, wakaanza kuunganisha nyaya.

"Na hii ampule?" Fifi aliuliza.

"Ilikuwa ya kumulika tu. Sasa iko mchana."

Fifi akacheka, akasema afadhali, maana mashine yao ni dhaifu kama mbuzi mgonjwa, na ampule ingekula umeme bure. Umwali akaitoa, akaunganisha waya moja kwa moja. Alisali sala ya baba, kisha akabonyeza swichi iliyo mlangoni.

Cheche ilitoka nene, yenye hasira. Transfo ilinguruma vibaya, moshi ukatoka, kisha kukawa kimya. Redio za kilima kizima zilizimika.

Muda mfupi baadaye Noël alipanda kutoka kijitoni, akiuliza nyumba kwa nyumba ni nani aliyekata fyuzi ya mashine. Fifi alinong'ona kwamba waseme ni radi. Umwali alitazama transfo. Mngurumo wake ndio sauti pekee ya baba iliyobaki nyumbani, na huenda alikuwa ameiua. Hakuweza kuongeza uongo juu ya hilo.

"Ni mimi, kaka Noël. Nilitoa ampule."

Noël hakugomba. Alizima swichi, akachomoa nyaya, akanusa transfo.

"Mutoto, ulikumbuka mwanga wake, ukasahau kazi yake," alisema. Kisha akaeleza kwamba cheche inapowaka, transfo huvuta umeme bila kipimo mpaka iungue. Papa Manzi aliweka ampule njiani, kwenye waya unaoingia, ili uzi wake mwembamba upitishe umeme kidogo tu. "Hii ampule njo ilikuwa inaizuia. Wakati nyinyi mulitazama cheche, yeye alitazama ampule."

"Transfo imekufa?"

"Tungoje ipoe, tupime."

Umwali na mama yake, Jeannette, waliomba pamoja jioni ile. Kesho yake Noël alipima, akatabasamu. Fyuzi ilikatika mapema. Rangi ya nje tu ndiyo iliyoungua.

Siku ya Noeli, Noël alirudisha ampule mahali pake, akafunga kamba ili watoto wakae mbali. Aliwaonya kwamba ampule hulinda transfo, hailindi mtu: umeme wa nguvu namna hii unaua, hata ukiwa kidogo. Akavua kofia, akasali, akawasha. Cheche ya buluu ikapanda, watoto wakapiga makofi.

Umwali hakuitazama. Alitazama ampule ikizidi kung'aa kila cheche ilipowaka, na mwanga wake ulipofika kwenye kiti cha baba alihisi machozi yakimlengalenga.

Mama Jeannette alimshika bega. "Baba yako alikuwa fundi, na bado alijiwekea kizuizi," alisema kwa sauti ya chini. "Alituachia sala, na alituachia ampule. Usichukue moja ukaacha nyingine."