Aliyeitwa Mlangoni

Alasiri hiyo ofisi nzima ilinuka usipa wabichi, na hakuna aliyekuwa ameleta samaki. Mwanahamisi akafungua dirisha, akaendelea na kazi.

Utani wake mwenyewe ndio uliomponza. Yeye na Nicholaus walikuwa watafiti hapo Mbinga, wakiifundisha akili mnemba kupima mashauri ya ardhi. Asubuhi waliipa shauri la jiwe la ufukweni Nyasa, linalogombewa na koo mbili. Mashahidi wa pande zote walikubaliana kitu kimoja: jiwe lina mwenyewe, mzee wa majini asiyeonekana, na lazima aombwe ruhusa. Kompyuta ikaandika: "Mwenye jiwe hajasikilizwa. Aitwe."

Walicheka mpaka machozi. Mwanahamisi akasimama mlangoni kama karani wa baraza, akaita mara tatu: "Mwenye jiwe!"

Jioni alimkuta binti yake, Kauthar, amekaa sebuleni, nguo zinachuruzika maji, na nje jua kavu.

"Nimeitika wito," alisema mtoto, kwa sauti nzito ya mzee. "Mbona hamnisikilizi?"

Shekhe wa mtaa, Abdulazizi, aliitwa, akaja mbio. Alisoma dua mpaka koo likamkauka, na kadiri alivyosoma ndivyo maji yalivyozidi kutoka nyweleni mwa mtoto, yakalowesha mkeka, yakatambaa mpaka miguuni mwa Mwanahamisi, ya baridi, yenye harufu ile ile, naye akashindwa hata kusogea.

"Mtoke mtoto huyu!"

"Sikujileta, shekhe. Mama yake ndiye aliyeniita."

Shekhe akageuka. "Ni kweli, mwanangu?"

"Nilikuwa natania tu, shekhe," alinong'ona Mwanahamisi.

"Basi msikilize. Mpe hukumu yake aende."

Mwanahamisi akafungua kompyuta aliyorudi nayo kutoka ofisini. Mzee aliyemo ndani ya mtoto akaeleza dai lake taratibu, kwa adabu. Kompyuta ikampa haki: jiwe ni lake, koo zote mbili zihame hapo ufukweni.

"Nimeridhika," ilisema sauti. "Wanahama lini?"

Mwanahamisi akaifunga kompyuta. "Babu, nisamehe. Sisi si mahakama. Huu ni utafiti tu, hauna nguvu ya kumhamisha mtu."



"Basi nitasubiri humu, mpaka apatikane mwenye mamlaka."

"Subiri ndani yangu!" Mwanahamisi alipiga magoti, akamkumbatia binti yake. "Nakuomba, babu, mwache mtoto!"

Midomo ya Kauthar ikafunguka. Safari hii ilitoka sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya mbali.

"Mama, anasema tusubiri wote. Huku chini ya jiwe kuna baridi."