Mshale wa Geji

Rafiki yangu mchomeleaji alimtengenezea mdogo wake kipoza hewa iingiayo kwenye injini ya gari lake la turbo. Alikiziba midomo yote miwili, akakijaza upepo, akakizamisha majini. Hakikutoa kiputo hata kimoja. Lakini mshale wa geji aliyoichomeka kupima upepo ulipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

“Kaka, hilo ni bomba au unamwozesha binti, mbona huishi kulikagua?” mdogo wake akamtania.

“Ngoja nipime tena.”

“Nimechelewa, bwana!”

Basi akaichomoa geji, akakifunga kipoza garini. Mdogo wake akaondoka, mluzi wa turbo ukafifia barabarani.

Rafiki yangu alipogeuka, geji ilikuwa mezani, haijaunganishwa na chochote, na mshale ulikuwa bado unapanda na kushuka. Akampigia mdogo wake. Simu ikaita, ikaita. Mshale ukaanza kwenda mbio, kisha ukalala kwenye sifuri.