Wapiga Makasia wa Papa Jozef

Usiniulize maana yake. Nakupa kama nilivyopewa na Graciella, rafiki yangu wa Schaerbeek, huko ughaibuni. Mwaka 2013 alikuwa akifanya usafi kwa Papa Jozef, profesa mstaafu aliyezeekea kwenye kusoma vita vya kale vya Roma na Karthago. Mchana mmoja mzee akamwambia, "Maman, shuka chumba cha chini ya nyumba unifutie vumbi ile shaba."

Shaba yenyewe, ya kugongea meli za adui, ilitolewa kwenye omo, pua ya merikebu ya vita hivyo iliyozama na watu wake wote.

Alipofika chini, taa ikazimika. Gizani akasikia makasia yakivuta maji kwa pamoja, na pumzi za wanaume wengi waliochoka. Kwao Lubumbashi humpiti mtu aliye kazini bila kumpa pole, na ulimi ukautangulia woga: "Poleni na kazi."

Makasia yakanyamaza. Halafu, kutoka safu ya nyuma kabisa, ikajibu, kwa Kiswahili cha kwao kinachomwita dada mkubwa yaya, sauti ya mdogo wake Hénock, aliyepanda boti ya mpira Libya mwaka 2009 kuvuka bahari, asisikike tena, na ambaye mama yao amekataa katakata afanyiwe matanga.

"Aksanti, yaya. Bado hatuyafika."

Kisha makasia yakaanza tena.