Neno la Alice Keji

ALHAMISI, JIONI

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la spea mjini Arua, upande wa barabara ya Koboko. Dirisha moja, meza moja, harufu ya grisi na matairi mapya. Abiriga alisukuma komeo, akaweka bastola mezani, akaketi.

Walikuwa watatu. Abiriga aliacha jeshi kwa sababu ambayo hakuna aliyethubutu kuiuliza, na bado walimwita Afande. Drateru alikuwa dereva, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Wa tatu alikuwa Latifu, ambaye hakuwahi kumpiga mtu hata kofi. Yeye alijua kompyuta.

"Sema tena," Abiriga alimwambia. "Drateru bado hapana elewa."

"Kuna tovuti," Latifu alisema. "Watu walipotezana kwa vita ya Sudan Kusini. Wanaingia humo kutafuta ndugu. Kila mutu iko na paswadi yake. Wengi wanatumia ile ile ya simu, ya pesa."

"Basi tuingie huko tujaribu-jaribu," Drateru alisema.

"Mlango wa mbele unaona makosa. Ukikosea, unafunga. Lazima tuchukue databesi yote, tuende nayo mbali. Huko tunakisia pole pole, hakuna wa kutuona."

"Paswadi iko imeandikwa humo?"

"Zimesagwa. Kama muhogo. Unaona unga, huwezi kurudisha muhogo. Lakini mimi naweza kuchukua neno langu, nalisaga vile vile, naangalia kama unga unafanana. Ukifanana, neno nimelipata."

Drateru aliitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa.

Latifu aliijenga tovuti hiyo mwenyewe, yeye na mwanamke mmoja aitwaye Poni, katika ofisi ndogo ya mtaa wa Mvara. Kisha wafadhili wakapunguza mradi. Kikabaki kiti kimoja cha mtu wa kompyuta, na aliyeachiwa akawa Poni. Latifu alirudi nyumbani akakaa na uchungu wake, hadi Abiriga alipomwona. Akamwambia humo mna wafanyabiashara wakubwa, watu ambao hawatalia wakiguswa kidogo. Latifu hakuuliza mengi.

"Flashi nitashika mimi," Abiriga alisema. "Nakala iko moja tu. Mutu asibebe yake."

"Na Poni?"

"Atakaa chini tu. Hakuna mutu anaumia."

Latifu aliishika kauli hiyo. Alikuwa anaihitaji.

IJUMAA, ADHANA YA ADHUHURI

Mlinzi alitoka getini na mswala begani, akielekea msikitini. Wafanyakazi wengine walikuwa wamekwenda kula. Drateru aliacha injini ikiunguruma nje. Abiriga na Latifu waliingia wakiwa na kofia na barakoa.

Poni alikuwa peke yake, vipokea sauti masikioni, kioo cha kompyuta mbele yake kimejaa mistari ya msimbo. Hakusikia kitu hadi Abiriga alipokivuta kiti chake nyuma.

"Chini. Nyamaza."

Akalala kifudifudi sakafuni. Latifu akaketi kwenye kiti chenye joto lake. Kompyuta ilikuwa wazi, njia ya kwenda kwenye seva ilikuwa wazi, kama alivyotarajia. Poni hakupenda kuingiza nywila zake upya kila saa. Latifu akaandika amri ya kwanza, ya pili. Faili likaanza kushuka kwenye flashi. Vidole vyake vilikimbia vile vilivyozoea, vidole viwili vya mkono wa kushoto na vyote vya kulia.

"Latifu," Poni alisema kutoka sakafuni.

Vidole vikasimama.

"Najua hiyo sauti. Hakuna mutu mwingine anachapa hivyo." Sauti yake haikupanda. "Latifu, watu wanajificha humo. Unajua wanamkimbia nani?"

Abiriga alimpiga kwa kitako cha bastola, nyuma ya sikio. Mara moja. Poni akanyamaza. Damu ikaanza kutafuta njia kati ya vigae.

"Endelea," Abiriga alisema.

Faili lilikuwa halijafika nusu. Latifu aliendelea kutazama kioo kwa sababu hakuweza kutazama chini. Liliposhuka lote, Abiriga alichomoa flashi, akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

Mlangoni Latifu aligeuka. Mgongo wa Poni ulikuwa unapanda na kushuka. Alikuwa hai.

IJUMAA, NJIANI

Walikuwa wameshaupita mji wa Maracha. Drateru aliendesha kwa mwendo wa mtu anayekwenda msibani, asionekane ana haraka.

"Ulisema hakuna mutu anaumia," Latifu alisema.

"Na wewe ulisema hatakujua," Abiriga alijibu. Alikuwa mbele, hakugeuka. "Sasa anakujua wewe. Mimi yeye hapana jua."

Latifu alielewa. Kuanzia hapo hakuwa na pa kurudi, na Abiriga hakuwa na sababu ya kumrudisha. Drateru alimtazama kwenye kioo cha ndani, akampitishia chupa ya maji. Latifu alishindwa kuifungua. Drateru akaipokea tena, akaifungua kwa meno huku anaendesha, akamrudishia.

IJUMAA, ALASIRI

Ghala lilikuwa nje ya Koboko, kwenye njia ya Dranya, katikati ya mashamba. Ndani mlikuwa na marobota ya tumbaku hadi juu, na harufu yake iliwasha koo. Mtu alikuwa anawasubiri. Shati jeupe, viatu safi, simu mbili. Aliitwa Santo, na alikuwa amevuka mpaka asubuhi ile.

Hakuuliza habari za wafanyabiashara. Hakuuliza habari za pesa za simu.

"Kijana yangu," alimwambia Latifu kwa upole, "mimi nataka mutu moja tu. Alice Keji. Iko humo?"

Latifu alimtazama Abiriga. Abiriga alimpa flashi. "Tafuta."

Aliichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe, bila kunakili kitu. Jina lilikuwemo. Ujumbe aliowaandikia ndugu zake ulikuwemo pia, lakini ulikuwa umefungwa. Bila nywila ya Alice ulikuwa takataka za herufi. Na nywila yenyewe ilikuwa mstari mrefu usio na maana, uliosagwa vizuri, na chumvi yake ndani, herufi za ziada za kumvuruga mkisiaji. Poni hakufanya kazi ya hovyo.

"Anakaa wapi?" Santo aliuliza. "Anamwandikia mama yake. Lazima amesema anakaa wapi."

"Haionekani. Mpaka tupate neno lake."

"Basi kisia."

"Kwa nini unamtafuta?"

Santo alitabasamu. "Alisema mambo mbele ya watu wa Ulaya wenye kuandika. Juu ya kikosi changu. Wewe fanya kazi."

Latifu alifungua programu ya kukisia. Aliomba maneno yanayomhusu mwanamke huyo, na Santo akayatoa moja moja: mume, mama, kijiji, mto. Programu iliyachukua, ikayaunganisha, ikayarudia, ikayatia namba mbele na nyuma. Kila lililokosa lilishuka kwenye kioo kwa rangi nyekundu. Kazi ilienda polepole. Usagaji huo ulitengenezwa uwe polepole makusudi, kumchosha mtu wa aina yao.

"Watoto?" Latifu aliuliza.

"Moja. Lodu. Alikufa."

"Alikufaje?"

"Hiyo kompyuta hapana haja kujua."

Latifu akaandika Lodu. Mistari myekundu ikashuka. Drateru alikuja akasimama nyuma yake, akitazama kama mtu anayetazama mpira bila kujua timu.

Kisha mstari mmoja ukawa wa kijani.

LoduLoduLodu.

Poni alikuwa ameweka sharti kwamba nywila iwe ndefu. Na mwanamke huyu, alipotakiwa neno refu, alimwita mwanawe mara tatu. Latifu aliona jambo hilo lote kwa mpigo mmoja: mama ameinamia simu ndogo, akiita, na hakuna anayeitika.

Alibonyeza kitufe. Kioo kikafutika, na kumbukumbu ya programu nayo.

"Hakuna," alisema. "Hayajafanana."

"Lakini hii moja ilikuwa kijani," Drateru alisema.

Alisema bila ubaya. Alikuwa anataka tu kujua. Kisha Drateru mwenyewe akaonekana kutaka kuyameza maneno yake.

Latifu alichomoa flashi, akaiangusha sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino hadi ikavunjika vipande. Abiriga alikuwa amechelewa hatua moja. Alimkamata shingoni, akambamiza kwenye robota.

"Neno gani?"

"Sikuona."

Abiriga alikamata kidole chake cha shahada, akakivunja. Latifu alipiga kelele. Santo alikuwa ameshafungua tovuti kwenye simu, kwenye mlango wa mbele, jina la Alice Keji limeandikwa tayari.

"Neno."

"KejiKejiKeji," Latifu alisema.

Santo akaandika. Akasubiri. Akatikisa kichwa. Kidole cha pili kikavunjika. Drateru aligeuka akatazama ukuta.

"Mama yake," Latifu alisema akilia. "Jina la mama yake, mara tatu."

Santo akaandika tena. Safari hii alisoma kwa sauti kilichotokea: "Umebakiwa na jaribio moja."

Sehemu hiyo aliiandika Latifu mwenyewe, siku ambazo yeye na Poni walikuwa bado wanagawana chapati mezani. Makosa matatu, akaunti inajifunga, na mwenyewe anapelekewa meseji kwamba kuna mtu anajaribu kuingia, hata akiwa na simu ndogo ya tochi. Walibishana sana kama iwe tatu au tano. Poni ndiye aliyesema tatu.

Abiriga alimwekea Latifu bastola tumboni. "Hii iko ya mwisho. Ukidanganya, nakumaliza."

Latifu alilia. Hakuwa anaigiza. Aliwaza nyumbani kwao, aliwaza swala aliyoiacha mchana ule. Akatamka kwa sauti iliyovunjika, taratibu, herufi kwa herufi, jina la mtoto, kisha la mama wa mtoto, kisha la mtoto tena. Lilikuwa neno ambalo mtu yeyote angeliamini. Santo aliliamini. Aliliandika kwa uangalifu, akabonyeza.

Akasoma kilichotokea.

"Imefungwa," alisema. "Inasema mwenyewe amepewa taarifa."

Abiriga alifyatua.

Mlio ulirudi kutoka kwenye mabati. Latifu alikunjika juu ya majani ya tumbaku, mikono tumboni. Mbali, shambani, mtu aliita, na mwingine akaitika. Santo alikwisha kutoka. Abiriga alimpigia Drateru kelele awashe gari.

Drateru alitoa funguo mfukoni, akazirusha nje ya mlango, mbele ya miguu ya Abiriga. "Endesha mwenyewe, Afande."

Abiriga alimtazama, akatazama barabara, akaziokota. Gari likaondoka likitimua vumbi kuelekea mpakani.

Drateru alipiga magoti. Alivua shati, akalikandamiza kwenye jeraha, na shati likalowa mara moja.

"Ndugu, mimi sikujua," alisema. "Mimi naona kijani, nasema kijani."

"Najua."

"Ni neno gani hilo? Niambie, niende nimwambie Poni. Nitafanya hiyo."

Latifu alimtazama. Uso wa Drateru ulikuwa umelowa machozi na ulikuwa wa kweli. Latifu alifumba midomo yake, akaikaza, kama mtoto anayekataa dawa.

Hakuifungua tena.

JUMAMOSI, ASUBUHI

Wakulima waliita polisi, na polisi walimkuta Drateru amekaa pale pale. Hakukimbia. Gari lilipatikana limeachwa karibu na mpaka, tupu. Poni alikuwa hospitali ya Arua, kichwa kimeshonwa, amesikia habari yote na hataki kuongea na mtu.

Huko Omugo, nyumba moja ya kambi ya wakimbizi ilikuwa imefungwa kwa kamba. Majirani walisema mama wa hapo alipata meseji jana jioni, akaisoma mara mbili, akabeba godoro na sufuria. Hakuaga.

Askari aliyemhoji Drateru alikuwa mtu mzima, hakuwa na haraka.

"Huyo kijana alikufa kwa ajili ya nini?"

"Neno moja."

"Neno gani?"

"Nilimuuliza," Drateru alisema. "Hata mimi hakuniamini."

Kisha akaweka mikono yake mikubwa juu ya meza, ili wamfunge pingu.