Jina Lililotamkwa Sebuleni

Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa kumi na dakika ishirini jioni, Margareta alitamka jina la marehemu mume wake mbele ya televisheni. Tangu saa hiyo nyumba yake, kijijini Lipingo, haikuwa tena kama zamani.

Mume wake, Urbani, alizama ziwani mwezi wa pili. Mtumbwi ulionekana, kasia likaonekana, yeye hakuonekana. Siku ya tatu wazee walisimama juu ya mwamba, wakamwita kwa jina mara tatu, wakageuka bila kutazama nyuma. Wakazika nguo zake pamoja na shina la mgomba. Kuanzia hapo jina lake lilitajwa kanisani tu. Nyumbani lisitajwe mpaka mwaka upite na msalaba usimikwe, kwa sababu aliyekwisha kuitwa ziwani haitwi tena mlangoni. Huenda akaitika mwingine.

Margareta alilijua hilo. Lakini mwanawe Steven, mwalimu huko Mbinga, alikuwa amemletea televisheni ya intaneti, ili atazame misa siku ambazo mguu unamsumbua. Herufi za kwenye kioo zilimchosha, hivyo Steven alimfundisha kubonyeza kitufe cha rimoti na kusema anachokitaka. Akisema rozari, inakuja rozari. Jumanne ile alitamani kuiona kwaya ya Pasaka ya mwaka juzi, ambayo mume wake aliimba besi. Akabonyeza.

"Kwaya ya Lipingo," alisema. "Urbani Haule."

Kwaya haikuja. Ilikuja picha moja iliyoandikwa mubashara: maji ya kijivu na ule mwamba. Chini yake iliandikwa kwamba anatazama mtu mmoja. Ufukweni hapakuwa na kiumbe. Kisha akasikia kikohozi kifupi, mara mbili, kama kile cha mume wake alichokisikia kila alfajiri kwa miaka thelathini na moja. Sebule ikanuka usipa, dagaa wa ziwani, ulionyeshewa mvua kabla haujakauka.

Hakuzima.

Jumatano aliifungua tena saa ileile. Picha ilikuwa imeuacha mwamba, imefika kwenye vichanja vya kuanikia samaki. Alhamisi ilikuwa kwenye njia ya shamba la mihogo, na kwa mbali Margareta akaliona bati la nyumba yake mwenyewe.

Ijumaa mchana alimweleza Serafina, dada wa marehemu.

"Wifi, ulilitaja jina humu ndani?"

"Nisingelitaja, ingemtafutaje?"

"Ulikuwa unaitafuta kwaya, au unamtafuta yeye?"

Margareta alikunja upindo wa kitenge chake, akaukunjua. "Mimi sikumzika, Serafina. Nilizika shati."

"Kaka yangu hata picha ya kipaimara alilazimishwa kupigwa," alisema Serafina. "Leo ndiyo aje kwenye televisheni?"

Walicheka kidogo, kwa sauti ya chini. Mara televisheni ikajiwasha. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Kwenye kioo ulionekana mlango wa mbao wenye msalaba wa chaki. Ulikuwa mlango wao, kwa upande wa nje, na mvua ikiupiga. Chini iliandikwa: wanatazama wawili.

"Wawili ni sisi," Serafina alinong'ona.

"Hapana. Inahesabu televisheni na simu, haihesabu macho. Steven aliniambia."

Sauti ikatoka, na ilikuwa sauti ya marehemu kabisa. "Mama Steven. Nifungulie. Nimelowa."

Margareta alishasimama. Serafina alimshika kitenge. "Kaka hakuwahi kuingia nyumba hii bila kumsifu Yesu. Asalimie kwanza."

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Margareta kuelekea mlangoni.

Mvua tu.

"Tumsifu Yesu Kristo," alirudia, na sasa alikuwa anasihi, kwa sababu angetoa shamba na nyumba ili aitikiwe "milele, amina" na mtu mmoja. Lakini aliyekuwa nje hakuitika, na kwenye kioo picha iliuacha mlango, ikatambaa ukutani polepole kama mtu anayepapasa gizani, ikapita pipa la maji, ikapita kanga zilizosahauliwa kwenye kamba, ikafika dirishani, ikachungulia, na ndani ya dirisha walionekana wanawake wawili kwa migongo, mmoja amemshika mwenzake kitenge, na pumzi ya yule anayetazama ikatia ukungu kwenye kioo cha dirisha.

Serafina alichomoa waya ukutani. Picha ilibaki kwa muda wa Salamu Maria nzima, ndipo ikafa.

Jioni ileile wakamwita Katekista Tobias, akaja na maji ya baraka. Alinyunyiza mlango na dirisha, akaigeuza televisheni itazame ukutani, akasali mpaka ile harufu ikaisha.

"Uliyemwita ni mumeo, Mama Steven," alisema. "Aliyeitika ni jini la maji, limevaa sauti. Hapa limeondoka." Alifunga chupa yake taratibu. "Ila limeelekea wapi, sikuonyeshwa."

Jumapili, baada ya misa, Steven alipiga simu.

"Shikamoo mama. Hivi hii video ya ziwani ni ya nani? Nimetafuta kwaya ya baba, ikaja yenyewe."

"Marahaba. Umetafuta kwa kuandika?"

"Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikaisemesha tu simu."

"Ukataja jina."

"Ningeipataje bila jina, mama?"

Margareta aliketi kitandani. "Sasa hivi inaonyesha nini?"

"Barabara. Inapanda mlima, kona baada ya kona. Kuna ukungu, na mibuni pembeni. Naona ni karibu na huku kwetu Mbinga. Mama, upo?"

"Nipo. Mwanangu, akibisha mtu, hata kama sauti unaijua, usifungue mpaka amsifu Yesu."

Alipokata simu alipiga magoti na kushika rozari, akamwombea yule aliye majini, bila kulitaja jina.

Raha ya milele umpe, ee Bwana, huyu ambaye jina lake unalijua, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina.